UZI: Watafiti wa nje wanataka sifongo na jongoo bahari huku Malindi, tudai nini kabla boti haijatoka?

MbiziMayungu (mwenye uzi)

Salaam wakuu. Grupu la BMU, kikundi chetu cha kusimamia ufukwe, limechemka tangu itoke habari kwamba kuna watafiti wa nje wanataka kuja kaskazi hii, maji yakitulia na kusafika, wapige mbizi nje ya mwamba wakusanye sifongo, jongoo bahari na matope ya chini kutafuta dawa. Nusu ya watu wanasema wafukuzwe, ni wezi. Nusu wanasema wasifukuzwe, wakodishiwe boti kwa bei ya mtalii tumalizane. Mimi naona pande zote mbili zinaacha mali mezani. Nimesoma biokemia na safari kama hizi nshakwenda kama mbeba chupa, so wacha nieleze biashara hii inavyokwenda halafu mnipige mawe.

Kwa nini sifongo? Sifongo hakimbii, hana meno, hana gamba, kakaa tu pale kwenye mwamba miaka na miaka na samaki wengi hawamgusi. Mtu wa maabara akiona kiumbe laini ambaye haliwi anajua kuna kemikali ndani, iwe kaitengeneza mwenyewe au bakteria wanaoishi mwilini mwake. Na si hadithi. Mwanakemia mmoja, Werner Bergmann, alitoa vitu vya ajabu kwenye sifongo wa Karibi miaka ile ya 1950, na kutokana na kemia hiyo ikapatikana sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani 1969 na mahospitali yanaitumia mpaka leo. Kuna wale konokono wenye kombe la umbo la koni, wazuri ajabu lakini ukimshika vibaya anakudunga. Sumu ya mmoja wao wa Bahari ya Pasifiki ilizaa Prialt, dawa ya maumivu makali iliyopita 2004, na mmoja wa waliozichambua sumu za konokono hao ni Mfilipino, Baldomero Olivera, ambaye alianzia kazi hiyo kwao Ufilipino kabla ya kwenda Utah. Ndugu zake huyo konokono wamejaa humu humu kwetu.

Ila mfano ninaotaka muushike ni wa jirani. 1972 timu ya George Pettit wa Arizona ilikusanya huko Mauritius mdudu mmoja laini, ni jamii ya konokono ila gamba lake limefichika ndani, jina lake la kisayansi Dolabella auricularia. Yuko mpaka kwetu. Wakachemsha na kuchuja miaka kumi na tano, manake kile kitu kilitangazwa 1987, na ilibidi wapitishe mzigo wa kilo na kilo wa hao wadudu kupata miligramu chache tu. Baadaye ikagundulika kumbe mwenye kukitengeneza ni bakteria wa kijani-buluu ambao mdudu anawala. Kemia hiyo ikafungwa kwenye kingamwili ikawa Adcetris, dawa ya saratani ya tezi za limfu, ikaidhinishwa Marekani 2011. Hesabuni wenyewe, 1972 mpaka 2011. Mtoto aliyezaliwa siku mdudu anaokotwa ana karibu miaka arobaini siku dawa inaingia hospitali.

Ndo maana nawaambia anayedai asilimia ya dawa peke yake anadai kitu ambacho pengine hakitakuja kabisa, na kikija watakaokula ni wajukuu, kama karatasi ya mkataba haijaliwa na mchwa. Sampuli nyingi mno haziendi popote, zinaishia kwenye friza. Kinachokuja kwa uhakika kinakuja mwaka ule ule wa kwanza: mafunzo, vifaa, nakala za sampuli, data, na majina yetu kwenye pepa. Hapo ndo pa kukaza.

---

Ngomeni_Orijino

Mwenye uzi umeandika vizuri lakini unawapaka mafuta. Umesahau Ziwa Bogoria? Vijidudu vya kwenye maji ya moto vilichukuliwa miaka ya 90, vimeng'enya vikaenda kufifisha jinzi na kuwa sabuni huko nje, KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wakaja kulalamika 2004 wakati watu washauza. Wakaambiwa tulikuwa na kibali. Sasa unataka na bahari iende vile vile?

Na mimi natoka Ngomeni, ushirikiano wa kimataifa nimezaliwa naukuta. Waitaliano walirusha roketi pale mbele ya bahari yetu 1967, Disemba 12 1970 wakarusha satelaiti ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku yetu, dunia nzima ya elimu ya nyota inaijua. Zile nguzo ziko baharini mpaka leo. Niulize vijana wangapi wa Ngomeni ni mainjinia wa satelaiti. Walinzi tunao, wapishi tunao. Ushirikiano wenu nyi wasomi mimi huo ndo naujua.

---

MbiziMayungu

@Ngomeni_Orijino kaka hapo umenisaidia, hujanipinga. Hiyo Ngomeni ndo hoja yangu yote.  Mkataba ukishasainiwa bila mafunzo ndani, mafunzo yanakuwa sadaka, mtu anakupa akijisikia.

Kuhusu Bogoria nakumbushia tu wahusika walikana kukosea na mpaka leo watu wanabishana. Lakini tazama kilichofuata, 2007 KWS wakakaa na kampuni ya Denmark, Novozymes, wakaandikiana mkataba kuhusu vijidudu vya Kenya, na mambo ya kufundisha Wakenya yakiwemo. Kwa hiyo kelele zilizaa kitu. Na kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za 2006 kuhusu kuchukua rasilimali za kijenetiki zilikuja katika mazingira hayo hayo ya watu kuamka.

---

binti_Kizingitini

Asalam alaikum. Mimi ni wa huku Lamu na nimesoma uzi wote kimya kimya, sasa naomba niseme yambo moya.

Mnaongea "tudai", "tudai". Nani huyo tu? Huku kwetu mtaalamu akishuka Mokowe anapelekwa kwa chifu, kwa chifu anapelekwa kwa mwenye boti, mwenye boti analipwa, picha inapigwa, kwaheri. Mwanamke anayeokota pweza na jongoo wakati maji yametoka, anayejua jongoo yupi yuko kwenye mchanga na yupi kwenye nyasi za bahari na mwezi gani wanapanda juu, huyo hakuulizwa. Na yeye ndo aliyewaonesha. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa asilia ipo, katiba kifungu cha 69 kinataja maarifa ya jamii kuhusu bioanuwai, lakini pale ufukweni hajafika nayo mtu.

Halafu fidia tunazijua. Wavuvi wa Lamu walikwenda korti kuhusu bandari tangu 2012, High Court hapo hapo Malindi kwenu ikahukumu 2018, bilioni 1.76 kwa wavuvi zaidi ya elfu nne, na mojawapo ya sababu ni kwamba watu hawakushirikishwa vya kutosha. Ushindi mkubwa mashallah. Kisha ikaja rufaa, ikaja mazungumzo, ikaja hesabu ya nani mvuvi nani si mvuvi. Kuna wazee wamekufa wakisubiri. So mimi nakubaliana na mwenye uzi kwamba pesa ya mbele ya mbali si ya kutegemea, ila sikubali aseme "sisi" kabla hajaniambia orodha ya majina inaandikwa na nani.

---

kobe_wa_watamu

Binti kaua 🔥🔥

---

Majaribio_Kilifi

Nimefanya maabara miaka mingi, nitie mbili tatu.

Mbona mnakwenda kutafuta mfano mbali na uko kaunti yetu hii hii ya Kilifi? KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome, wafadhili wa Uingereza, wako Kilifi mjini tangu 1989, pamoja na Oxford. Walianza na malaria, maabara ndogo, leo pale kuna mashine za kusoma DNA, wakati wa korona jenomu za virusi zilikuwa zinasomwa pale pale, na wanasayansi wakubwa wa pale wengi ni Wakenya waliosomeshwa na programu hiyo hiyo. Si kamilifu, na malalamiko yapo kama kila mahali, lakini damu ya mtoto wa Kilifi haikuwa inapandishwa ndege tu ikasomwe huko. Tofauti na Ngomeni ni moja, na wala si rangi ya mtu: shughuli yenyewe ya sayansi, ile ya ndani kabisa, ilifanyika hapa, kwa hiyo mtu wa hapa hakuweza kukwepeka.

Sasa kwenye bahari, swali la kumuuliza mgeni ni hilo. Kazi gani itafanyika hapa? Kukausha sampuli na kuichuja kwa ethanoli hakuhitaji Ulaya. Kupima kama mchujo unaua bakteria kwenye sahani hakuhitaji Ulaya, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anafanya. Kinachohitaji mashine kubwa ni kuitambua molekuli yenyewe, hapo sawa iende, na mtoto wetu aende nayo.

La pili, na hili watu hawalioni. Zama hizi mtu hahitaji kubeba sifongo. Anasoma DNA, faili linapandishwa kwenye hifadhi ya data ya wazi, na kampuni yoyote duniani inalishusha bila kuja Malindi wala kuongea na mtu. Kuna pepa ya 2018 ilihesabu jeni za viumbe vya bahari zilizo kwenye patenti, yaani hati za umiliki wa ugunduzi, wakakuta kampuni moja tu, BASF ya Ujerumani, imesajili asilimia 47 ya zote, na nchi kumi zina asilimia 98. Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki, ambayo Kenya imo, iliandikwa watu wakifikiria kitu cha kushika mkononi. Ndo ikabidi kule Cali, Kolombia, 2024 waunde mfuko wa pembeni kwa ajili ya hizo data, makampuni yanayofaidika yaombwe kuchangia asilimia 1 ya faida au 0.1 ya mauzo, na angalau nusu iende kwa jamii za wenyeji. Umezinduliwa Februari 2025. Tatizo ni hilo neno "yaombwe".

---

Ngomeni_Orijino

"Yaombwe" 😂😂 niombe na mimi mchango wa harusi kwa BASF

---

jahazi_bila_tanga

Swali la mjinga: hao wakikaa mbali kule nje kabisa na meli yao, hawagusi ufukwe, si wanachukua tu? Sisi na BMU yetu tutawafanya nini?

---

Majaribio_Kilifi

@jahazi_bila_tanga si la mjinga hata kidogo. Mpaka maili 200 za baharini ni eneo la kiuchumi la Kenya, mtafiti wa nje lazima apate idhini ya serikali. Zaidi ya hapo ni bahari kuu, na huko ndo kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa Juni 2023, umeanza kufanya kazi Januari 2026 baada ya nchi 60 kuuridhia. Unataka rasilimali za kijenetiki za huko ziripotiwe na manufaa yagawanywe, na nchi zinazoendelea zipate teknolojia na mafunzo. Ila huko si kwenye sifongo wa Mayungu, sifongo wa Mayungu yuko mikononi mwa sheria ya Kenya moja kwa moja, na akiwa ndani ya Malindi Marine Park, hifadhi iliyoko tangu 1968, basi na KWS wamo.

---

Kusi_halina_adabu

Mimi nawashangaa nyote. Mmekazana na dawa ya miaka arobaini wakati pesa inaoza hapo kwenye kibaraza cha samaki.

Maganda ya kamba. Ghuba ya Ungwana inatoa kamba, vichwa na maganda vinatupwa vinanuka mtaa mzima. Maganda yale yakioshwa na asidi chokaa inatoka, yakipikwa na magadi makali protini inatoka, inabaki kitini, ikipikwa tena na magadi makali zaidi inakuwa kitosani. Kitosani inasafisha maji, inapakwa mbegu na matunda, na kuna bandeji zake za kuzuia damu jeshi la Marekani lilikwenda nazo Afghanistan. Hiyo ni bayoteknolojia ya bahari pia na haihitaji kusubiri mjukuu.

Ngozi ya samaki je? Aisilandi kuna kampuni ya mji mdogo wa wavuvi, Kerecis, ilichukua ngozi ya samaki chewa wa baridi kule kwao, ile inayotupwa, ikaisafisha ikawa kiraka cha kuponyesha vidonda vya sukari na vya moto. 2023 ikanunuliwa na Coloplast ya Denmark kwa thamani inayofika dola bilioni 1.3. Mji wa wavuvi jameni. Brazili nao walitumia ngozi ya tilapia kwa walioungua. Sisi ngozi tunampa paka.

Na mwani, Zanzibar wanalima tangu 1989, mbegu ikitoka Ufilipino, wengi wa wakulima ni kina mama. Kwale wanalima Kibuyuni. Mwani unakaushwa unauzwa mkavu kwa bei ya kutupa, ule ute wake mzito unatolewa nje unarudi kwetu ndani ya dawa ya meno na aiskrimu. Mtu akija na ushirikiano mimi ntamwambia lete mashine ya kutoa huo ute, sifongo tutaongea baadaye.

---

binti_Kizingitini

@Kusi_halina_adabu hapo kwenye mwani ami umegusa. Ila mwani nao una yake, maji yakipata moto unapata ugonjwa unakuwa mweupe unakatika, kina mama wa Zanzibar walihangaika sana, na waliosaidia kuuchunguza ni mradi wa pamoja wa Waingereza, Wafilipino, Wamalaysia na Watanzania. Yaani huo ndo ushirikiano ninaouelewa mimi, Mfilipino na Mtanzania wanaongea moja kwa moja kwa sababu wote wanalima kitu kimoja na ugonjwa ni mmoja. Kwa nini sisi kila ushirikiano lazima upitie Ulaya? Jongoo nao, Toliara huko Madagaska vyuo vya Ubelgiji na Wamadagaska walianza kuzalisha jongoo kwenye matangi, wakafika mahali wanakijiji wanafuga kwenye vizimba baharini. Madagaska ni hapo tu. Mtu wa Lamu akitaka kujifunza apande ndege ya Madagaska si ya Brussels.

---

MbiziMayungu

Wallahi uzi umenoga kuliko nilivyotarajia. @Kusi sikupingi, maganda ya kamba ni mradi mzuri na nadhani wa haraka zaidi, lakini hawa wageni hawaji kwa maganda, wanakuja kwa sifongo, na wanakuja kaskazi hii. Anayebisha hodi ndo tunamjibu kwanza.

Na @binti_Kizingitini swali lako la "nani tu" sikulijibu. Sheria inataka mtu apate ridhaa ya wenye rasilimali akiwa ameeleza kila kitu kabla, na masharti yaandikwe mkakubaliana, ndipo NEMA watoe kibali cha kuchukua. NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, wana leseni yao ya utafiti mbali. Sasa "wenye rasilimali" kwenye bahari ni kizungumkuti, shamba lina mwenyewe, mwamba hauna. Kwa hapa kwetu nimependekeza ridhaa isisainiwe na mwenyekiti wa BMU peke yake, ikae na kikao cha wazi, na waokota pweza na jongoo wawe na wawakilishi wao wanaochaguliwa na wao wenyewe, wanawake, wasiletewe. Mwenyekiti kanuna. Atatulia.

Rasimu niliyoandika na wenzangu inasema hivi kwa ufupi, naweka hapa mkosoe. Kila sampuli inayotoka, nusu yake ibaki nchini, KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari, Mombasa au makumbusho ya taifa, na namba yake na picha na mahali ilipotolewa. Haipewi mtu wa tatu bila kuturudia. Wakisema ni utafiti wa chuo tu sawa, lakini siku wakibadili nia wakataka biashara au patenti wanarudi mezani upya, hiki kipengele ndo roho ya mkataba wote kwa sababu kitu kikiingia kama cha kusomea kinatokea mlango wa nyuma kuwa cha kuuza. DNA wakiisoma na kuiweka kwenye mtandao iandikwe imetoka Kenya, Malindi. Patenti ikiombwa itaje asili, na hili dunia inaanza kuligeukia kwa sababu Mei 2024 kule Geneva ulipitishwa mkataba wa kutaka hivyo hasa. Wanafunzi wawili wa hapa, kwa majina, waende na sampuli mpaka maabara ya mwisho, wakae humo mpaka molekuli itambulike, si kozi ya wiki moja na cheti. Mchujo wa kwanza ufanyike Chuo Kikuu cha Pwani au KMFRI na vifaa vibaki. Na ripoti irudi kwa Kiswahili, isomwe ufukweni, sio pdf.

Asilimia ya faida tumeiandika pia, msiseme tumeisahau. Tumeiweka mwisho kwa makusudi.

---

Majaribio_Kilifi

Rasimu nzuri. Ongeza mawili. Moja, kiasi. Andika kilo ngapi kwa kila aina, kwa sababu mkusanyo wa kwanza ni gramu, ila kitu kikionesha dalili nzuri wanarudi na kutaka magunia. Nyuzilandi walivuna tani nzima ya sifongo wa aina moja wakapata kama miligramu 300 za kile kitu walichokitafuta. Kilichookoa wale sifongo ni kwamba molekuli ile, ambayo Wajapani waliitangaza 1986 kwa sifongo wa kwao, ilitengenezwa kwa mikono maabara ya Harvard 1992, na dawa ya kampuni ya Eisai ya Japani iliyotoka 2010 ni kipande tu cha ile molekuli, inatengenezwa kiwandani bila sifongo hata mmoja. Wajapani, Wanyuzilandi, Wamarekani, kila mmoja kipande chake. Sasa bila kikomo cha kiasi mwamba wetu, ambao tayari unakula tope la mto Sabaki kila mvua, hautahimili gunia.

Pili, andika mkigombana mnaamuliwa wapi. Msikubali korti ya kwao. Huna nauli.

---

Ngomeni_Orijino

Hapo kwenye korti na kwenye wanafunzi wawili nimekubali, saini yangu mnayo. Lakini hao wanafunzi wawili mmoja atoke Ngomeni, nasema mapema.

---

jahazi_bila_tanga

Kikao ni lini? Na wakikataa masharti?

---

MbiziMayungu

Jumamosi baada ya alasiri, banda la samaki Mayungu, aje yeyote hata asiye mwanachama. Wakikataa masharti waende Vanga au Kiunga, ndo maana naomba @binti_Kizingitini na watu wa Kwale mchukue rasimu hii hii msibadilishe vipengele vile vikuu, wakipiga hodi huko wakute karatasi ile ile.

---

binti_Kizingitini

Nimeshaichukua. Naitoa nakala nipeleke Faza na Kiunga, ila kifungu cha wawakilishi wa wanawake nakiandika upya, cha kwenu kina mianya.